Kaka Kapima Mate Marekani, Anasema Mama Ametuachia Ugonjwa wa Kusahau

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 47, kitinda mimba wa mama yangu, na ndiye ninayeishi naye hapa Pangani katika nyumba aliyoacha baba. Mama ana miaka 88.

Kusahau kulimwanza akiwa na miaka 84. Kwanza ilikuwa chumvi. Anatia kwenye mchuzi, anafunika sufuria, anarudi anatia tena. Tulicheka. Baadaye akawa anaificha, unaikuta imefungwa kwenye pindo la kanga kama mtu anayeficha fedha. Mwaka jana akaanza kuniita jina la dada yake aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Ikifika alasiri anachukua kikapu, anasema anakwenda kwao. Nikimwambia, "Mama, kwako ni hapa," ananitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyepotea. Jambo moja linanishangaza: mikono yake haijasahau. Ukimpa miyaa anasuka ukili saa nzima bila kukosea jino hata moja, na huku jina langu halijui.

Miezi miwili hii mambo yameharibika haraka. Usiku halali. Kwenye duka la dawa niliambiwa nimpe piritoni mbili kila usiku ili apate usingizi. Analala kidogo, akiamka amevurugika zaidi, anazungumza na watu anaowaona ukutani, na mara kadhaa amejikojolea, jambo ambalo hakuwa nalo. Usiku mmoja, kama saa nane, jirani alimkuta uani kwake, kanga imemdondoka, anaita ng'ombe ambao baba aliwauza miaka thelathini iliyopita. Tangu siku hiyo watoto wa mtaani wanasema mama anawanga. Shangazi, nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu: siku hizi usiku ninamfunga mguu kwenye tendegu la kitanda kwa kanga. Ninalia ninapoandika hapa.

Sasa kaka yangu. Yeye ana miaka 56 na yuko Minneapolis mwaka wa ishirini na mbili sasa. Alinunua kile kipimo cha kutema mate kwenye kichupa, akakiposti, majibu yakaja kwenye simu. Alinipigia usiku wa manane kwao, sauti imemkauka: "Mdogo wangu, tunayo. Mama ametuachia." Anasema amekutwa na kitu kinaitwa APOE e4, nakala moja, na kwamba hatari yake ya kupata ugonjwa huu ni mara mbili au tatu ya mtu mwingine. Tangu hapo halali. Akisahau funguo anaona ndiyo imeanza. Ametuma vichupa vitatu kwa rafiki yake anayekuja Desemba: kimoja cha mama, kimoja changu, kimoja cha binti yangu wa miaka 23. Anasema ni lazima tujue.

Bibi mzaa mama naye alikuwa hivyo hivyo alipofika miaka tisini, kwa hiyo naona kaka hajakosea. Baba alifariki akiwa na miaka 86 akili zake timamu kabisa. Mpaka wiki ya mwisho alijua nani anadaiwa nazi ngapi.

Na binti yangu ameposwa. Mshenga alipokuja mara ya pili aliuliza kwa adabu kama "kwenye nyumba hii kuna maradhi ya akili". Nikababaika, sikujibu. Je, nipime? Mama nimpime? Binti nimwambie nini, na wale wakwe watarajiwa wana haki ya kujua? Ninahisi kama nimebeba moto tumboni na sijui nimempa nani.

Kitinda Mimba, Pangani

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kabla ya kaka, kabla ya mate na mshenga, nataka turudi kwenye mstari ulioupita haraka: piritoni.

Nimefanya kazi ya uuguzi wodini kwa miaka mingi, na hiki kidonge kidogo cha mafua nimekikuta mara nyingi kwenye mifuko ya wazee walioletwa wamechanganyikiwa. Kijana akimeza piritoni anasinzia, basi. Kwa mzee wa miaka 88 ni habari nyingine. Dawa hii inaziba kazi ya kemikali ambayo ubongo unaitumia katika kumbukumbu na umakini, inaitwa asetilikolini, na kwa mtu mwenye ugonjwa wa kusahau kemikali hiyo imeshapungua tayari. Unamnyang'anya kile kidogo kilichobaki. Matokeo yake ni hayo uliyoyaandika kwa mkono wako: kuamka amevurugika, kuona watu ukutani. Hata mkojo unaweza kuvurugwa na dawa hiyo hiyo.

Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, ambao madaktari wanauita dimenshia, na aina yake inayojulikana zaidi ni Alzheimer, hutembea mwendo wa konokono. Mama yako amekwenda nao miaka minne akitoka kwenye chumvi kufika kwenye jina lako. Huo ndio mwendo wake. Mzee anapobadilika ndani ya wiki chache, kuna kitu kingine kimeingia, na mara nyingi kitu hicho kinatibika: dawa, maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, kukosa maji, choo kigumu cha siku nyingi, au kuanguka na kugonga kichwa halafu damu ikavuja taratibu ndani. Kwa hiyo usimpe piritoni leo usiku. Wiki hii, si mwezi ujao, mpeleke hospitali. Weka kwenye mfuko dawa zote anazomeza, hata za kienyeji, hata zile za jirani, umwage mezani mbele ya daktari. Mwambie maneno haya: "Amebadilika ghafla ndani ya miezi miwili." Apimwe mkojo, damu, sukari, presha, tezi ya shingo, na kama kipimo kipo, vitamini B12. Kama anameza dawa za presha, hizo usiziache kwa kunisoma mimi.

Sitakudanganya kwamba akili yake ya miaka 80 itarudi. Lakini usiku huo mnaoupigania sasa, inawezekana sana sehemu yake kubwa si ugonjwa aliourithi mtu yeyote. Ni vidonge viwili.

Kuhusu kanga na tendegu: sikuhukumu. Mtu aliyelala saa mbili kwa siku sitini hufanya ambacho asingeota kukifanya. Lakini usirudie. Mzee aliyefungwa mguu hujivuta, akaanguka na nyonga ikavunjika, au akajisokota gizani peke yake. Na aliyevurugika hajui kwa nini amefungwa, anajua tu kuwa amefungwa. Weka komeo juu ya mlango wa nje, juu kabisa, mahali ambapo macho yake hayatafuti, na wewe ulale ndani ya nyumba hiyo hiyo. Funga kengele ndogo kwenye mlango wa chumba chake ikuamshe. Acha taa ndogo iwake. Jioni mpe miyaa asuke mpaka mikono ichoke. Hilo uliloliona la ukili ni kweli tupu: kumbukumbu ya mikono huhifadhiwa kwa njia nyingine ubongoni, na kwa wagonjwa wengi hudumu muda mrefu baada ya majina kuondoka. Na akisema anakwenda kwao, usibishane naye. Muulize kwao kukoje. Mtembeze mpaka mnazi wa tatu, mrudi.

Hili la kuwanga lisikae hata siku moja zaidi. Unajua kama ninavyojua mimi kwamba nchi hii imezika vikongwe waliouawa kwa neno hilo. Nenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kitongoji, nenda kwa imamu au mchungaji wenu, nenda kwa yule jirani aliyemkuta uani. Sema wazi: mama yangu ni mgonjwa wa kusahau, anapotea usiku, mkimkuta mrudisheni kwangu. Aibu unayoiogopa ni ndogo kuliko hatari ya kunyamaza.

Sasa tumwendee kaka.

APOE ni jeni, kipande cha maelekezo tunachorithi, kilichoko kwenye kromosomu ya 19. Kazi yake ni kutengeneza protini inayobeba mafuta mwilini na ubongoni. Ina sura tatu zinazojulikana sana: e2, e3 na e4. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani waligundua kuwa e4 inaonekana zaidi kwa watu wanaopata Alzheimer ya uzeeni, na mpaka leo hakuna jeni ya kawaida iliyopatikana yenye uzito kama huo katika ugonjwa huo. Kaka yako hajatapeliwa, e4 ina uzito kweli.

Lakini tusome uzito huo kwa hesabu yake kamili. Watafiti walioongozwa kutoka Ufaransa walikokotoa mwaka 2011, kwa watu wa asili ya Ulaya, nini kinatokea mpaka miaka 85. Bila kuuliza jeni, wanaume kama 11 kati ya 100 wanakuwa wamepata Alzheimer, na wanawake kama 14. Wenye nakala moja ya e4, kama kaka yako: wanaume 23, wanawake 30. Wenye nakala mbili ndio hatari yao imepanda kweli, inapita nusu. Ukisema "mara mbili", roho inaruka. Ukisema "wanaume 77 kati ya 100 wenye nakala kama yako wamefika 85 bila Alzheimer", ni taarifa ile ile, na mtu anaweza kulala nayo.

Halafu hesabu hizo ni za Wazungu, na hapa ndipo ningetaka kaka asikilize vizuri, kwa sababu kichupa chake kilikwenda maabara lakini hakikubeba ukoo wake. Mwaka 1992 watafiti wa Indiana na wa Ibadan, Nigeria, wakiwemo Hugh Hendrie na Adesola Ogunniyi, walianza kufuatilia wazee Wayoruba na wazee Wamarekani weusi wa mji wa Indianapolis kwa vipimo vinavyofanana. Mwaka 2001 walitoa majibu: kule Ibadan dimenshia mpya ilikuwa asilimia 1.35 kwa mwaka, Indianapolis asilimia 3.24. Na e4, ambayo kwa Waafrika si adimu hata kidogo, kwa Wayoruba haikuonekana kusukuma ugonjwa kama ilivyotarajiwa. Baadaye, miaka ilipoongezeka na watu wakawa wengi, alama yake ilionekana Ibadan kwa wale wenye nakala mbili. Watafiti wengine wameonyesha kuwa e4 iliyozungukwa na vinasaba vya asili ya Afrika haina makali sawa na ile iliyozungukwa na vya Ulaya. Kwa hiyo "mara mbili au tatu" aliyoisoma kaka kwenye simu ni kipimo cha kanzu ya mtu mwingine.

Na kuna jambo ambalo nyote wawili mmelipita. Kaka ana nakala moja ya e4. Ametokea wapi kusema imetoka kwa mama? Kila mtoto hupewa nakala moja na baba, moja na mama, na karatasi yake haisemi ipi ilitoka upande gani. Inawezekana kabisa aliyempa ni baba yenu, yule aliyefika 86 akihesabu nazi za watu bila daftari. Na mama anaweza kuwa hana e4 hata moja. Wagonjwa wengi wa Alzheimer hawana. Kaka ameandika hadithi nzima ya mama na urithi kwa herufi moja na tarakimu moja.

Nije kwenye umri, kwa sababu kwa nyumba yenu umri ndio mzizi wa jambo lote. Mama alianza kusahau akiwa na miaka 84. Bibi karibu na 90. Hawa ni watu waliovuka bahari ambayo wengi wetu tutazama katikati. Baada ya miaka 65, uwezekano wa kupata dimenshia huongezeka takriban maradufu kila miaka mitano. Hapa kwetu, wilaya ya Hai huko Kilimanjaro, uchunguzi wa mwaka 2010 wa watu karibu 1,200 wenye miaka 70 na kuendelea ulikuta asilimia 6.4 wana dimenshia. Kule California, katika uchunguzi wa wazee waliovuka 90 ulioanza mwaka 2003 chini ya Claudia Kawas, waliopata dimenshia ni zaidi ya 40 kati ya 100. Kwa hiyo bibi kuvurugika akiwa na miaka tisini, na mama baada ya themanini, hakuhitaji jeni ya pekee. Umri wenyewe unatosha.

Tena, hiyo e4 inasukuma zaidi kati ya miaka sitini na kitu na sabini na kitu. Ukishavuka 85, nguvu yake hupungua. Maelezo mojawapo ni kwamba wale iliokuwa iwaangushe imeshawaangusha, kwa ubongo au kwa moyo. Wazee wa California walitoa fundisho la ajabu walipokubali ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa: wenye e2, ile inayosifiwa kuwa kinga, walikuwa na dimenshia kidogo kweli, lakini ubongo wao ulikuwa umejaa alama za Alzheimer. Na karibu nusu ya waliokuwa na dimenshia hawakuwa na uharibifu wa kutosha kuieleza. Katika umri huo ubongo hubeba mambo mengi kwa pamoja: mishipa iliyoziba, alama za Alzheimer, na maradhi mengine yanayofanana nayo ambayo moja lilipewa jina mwaka 2019 tu, likiitwa LATE, na lina jeni nyingine pia zinazohusishwa nalo. Kumwekea mama wa miaka 88 herufi moja usoni ni kumwonea.

Swali lako la kweli, lile la moto tumboni, ni hili: na mimi je? Huko Rotterdam, Uholanzi, watafiti walifuatilia watu ambao wazazi wao walipata dimenshia. Mwaka 2017 walieleza walichokiona. Mzazi alipougua kabla ya miaka 80, hatari ya mtoto ilipanda zaidi ya mara mbili. Mzazi alipougua baada ya 80, hatari ya mtoto ilikuwa karibu sawa na ya mtu yeyote. Mama yako alianza na 84. Soma hiyo mara mbili, kisha umpigie kaka umsomee.

Ningependa pia ujue urithi wenye sura ya hofu ya kaka unafananaje, ili msiuchanganye na wenu. Antioquia, Colombia, kuna ukoo mkubwa ambao daktari Francisco Lopera aliufuatilia kwa miaka mingi. Wana badiliko katika jeni nyingine, PSEN1. Aliyeirithi huanza kupoteza kumbukumbu akiwa na miaka arobaini na kitu, bado analea, na kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Familia za namna hiyo ni chini ya mmoja katika kila wagonjwa mia wa Alzheimer duniani. Ungeniandikia kwamba mama alianza akiwa na 45, na mjomba akiwa na 47, jibu langu lingekuwa jingine kabisa. Ningekuomba uende kwa mtaalamu wa vinasaba kabla ya kumaliza kusoma.

Basi, vichupa vitatu.

Cha mama: hapana. Majibu hayatabadilisha dawa yake, chakula chake wala usingizi wake, na hawezi tena kuelewa anachokubali. Mate yake si mali ya kaka.

Cha binti: si chako wala si cha kaka. Ana miaka 23, ni mtu mzima. Akitaka kujua siku moja, ataamua mwenyewe, akiwa na mtu wa kumweleza majibu. Nisingemshauri sasa, katikati ya posa.

Chako: uamuzi ni wako, na sikufichi ninavyouona. Mimi nisingetema. Kama kaka aliipata nakala hiyo kutoka kwa mzazi mmoja aliye nayo moja, basi na wewe ni nusu kwa nusu tu, na ukijua, utakalofanya kesho asubuhi ni lile lile utakalofanya usipojua. Ni kweli kwamba Marekani watafiti waliwapa watu majibu yao ya APOE wakiwa na wataalamu wa kuwaeleza, na wengi hawakuvunjika, walishtuka, wakatulia. Lakini wale walikaa na mtu ana kwa ana. Kaka aliyapokea peke yake kwenye simu, usiku. Ndiyo maana hajatulia bado. Mwambie atafute kule kwao mshauri wa vinasaba, hospitali kubwa wanao, na amweleze hilo la kukosa usingizi, kwa sababu mtu asiyelala husahau funguo awe na e4 au asiwe nayo. Na asiyatangaze majibu hayo ovyo: sheria ya Marekani ya mwaka 2008 inamkinga kwa mwajiri na kwenye bima ya afya, lakini haimkingi kwenye bima ya maisha wala bima ya matunzo ya muda mrefu.

Lako la kufanya badala ya kutema mate, mwanangu, nalitamani sana. Mara ya mwisho umepimwa presha lini? Barua yako ndefu na hujaitaja. Siku utakayompeleka mama, nyoosha na wewe mkono. Presha na sukari visivyotibiwa katika umri wako wa kati vinaharibu mishipa midogo ya ubongo taratibu, na hivyo vina dawa kwenye zahanati. Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 ya namna hiyo, ikakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa yakishughulikiwa. Kutosikia vizuri ni mojawapo ya yale mazito, pamoja na mafuta mabaya kwenye damu. Kwa hiyo mwombe daktari amwangalie mama masikio pia. Nimeona mzee aliyedhaniwa hajitambui, ikatolewa nta iliyoganda kama jiwe, akageuka akauliza kwa nini mnanipigia kelele. Upweke nao umo kwenye orodha hiyo, na ninausoma katikati ya mistari yako. Dada wa mtaani, binti wa jirani, yeyote, akae na mama Jumatano alasiri uende wewe ufukweni ukanyooshe miguu. Hela ya vichupa vya kaka ingemlipa mtu huyo.

Binti mwambie kila kitu ulichokisoma hapa, leo, usimfiche bibi yake. Mshenga akirudi, usibabaike tena. Mkaribishe ndani, mwonyeshe mama amekaa anasuka. Sema: "Huyu ni bibi yake bibi harusi. Ana miaka 88, ana ugonjwa wa kusahau wa uzee, ulimwanza baada ya themanini. Si wazimu, na si uchawi." Wana haki ya kujua hali ya mgonjwa aliyemo ndani ya nyumba, kwa sababu binti atakuja kumuuguza na mume atamsubiri. Hawana haki ya mate ya mtu. Na wakikimbia kwa sababu bibi wa miaka 88 amesahau, ni heri wamekimbia kabla ya mahari. Ukoo wowote wenye watu wanaofika umri huo una mmoja wa namna hiyo. Waulize kwa upole, nao watamkumbuka wao.

Vichupa vikifika Desemba, mrudishie rafiki yake kaka vikiwa na lakiri yake, pamoja na salamu. Kisha niandikie. Piritoni ikishamtoka mwilini na mkojo ukishapimwa, nataka kujua kama analala, na kama kengele ya mlango imelia tena. Na ule ukili akishausuka wa kutosha mkeka, mshonee kwa mkono wako, ukae kwenye chumba cha harusi.